Kikohozi cha Pikapu

Siku ya misa ya kumbukumbu ya mama yao, watu wakiwa wameshiba pilau na sufuria hazijaoshwa, Mzee Hilario aligonga fimbo yake sakafuni. Baraza zima likanyamaza. Kwa muda alikuwa amewasikiliza wanawe wakibishana kuhusu pikapu yake, ile iliyokuwa imelala nyuma ya jiko mwaka baada ya mwaka, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva na kunde zikitambaa mpaka kwenye bampa. Calist, mtoto wa kwanza, alitaka iuzwe kwa watu wa chuma chakavu.

"Hakuna anayeuza gari yangu," alisema mzee. Macho yake yalikuwa yamekwisha kwa ugonjwa wa sukari, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kumwita utingo kutoka ng'ambo ya bonde. "Gari ile ndiyo iliyowalea ninyi, si mimi. Basi nisikilizeni. Atakayeiwasha, ndiye mwenye gari. Awe mkubwa, awe mdogo. Ailete hapa barazani niisikie kwa masikio yangu, niishike kwa mkono wangu, nami nitamkabidhi mbele yenu pamoja na radhi yangu."

Wengine waliguna. Pikapu ile kuwaka? Labda iwashwe kwa kiberiti.

"Mimi nitaiwasha, baba."

"Nani huyo?" aliuliza mzee, ingawa sauti ya mwanawe hakuna baba asiyeijua.

"Ni mimi, Imakulata."

"Wewe? Uliyeshindwa kuwasha jiko la mchina ukatuunguzia pazia?"

Baraza likavunjika mbavu. Hata wanawake waliokuwa wakikwangua ukoko kule uani walicheka bila kujua kilichosemwa. Calist alicheka kuliko wote, akampiga dada yake begani, akasema, "Mpeni, baba, akafugie kuku wake huko Kibaha."

Imakulata naye alicheka, maana angefanya nini. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwa mzee, na kijiji kizima kilijua kwamba Hilario akitema hameza tena.

Yeye gari alikuwa na kazi nalo. Kila alfajiri alishuka mashambani Ruvu kununua mchicha, bamia na nyanya, mtoto mgongoni, halafu akasimama barabarani kubembeleza nafasi kwenye magari ya wenzake. Matenga yake yalitupwa chini ya matenga ya watu, akifika sokoni nyanya zake zimekuwa uji. "Mama Mina, leo umeleta nyanya au sosi?" wateja walimtania. Kwa pikapu yake mwenyewe angebeba mzigo wake na wa wenzake. Hilo ndilo alilomwambia mumewe, Ponsiano. Lile jingine hakumwambia mtu: alitaka baba yake, aliyecheka mbele za watu, mbele za watu hao hao atamke kwamba hili ni la Imakulata, nami nimeridhia. Watu wa kwao hawachezi na radhi. Shamba la asiye na radhi linaota magugu tu, na gari lake hakuna nduguye atakayelipanda.

Pikapu ikavutwa kwa kamba ya chuma kutoka Kisarawe, ikapita njia ya vumbi ya Kiluvya ikitetemeka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, mpaka Mkuza, kwenye kiwanja chao ambacho nyumba yake ilikuwa bado ina vyumba viwili na nondo zimesimama juu zikisubiri riziki. Wakaipandisha juu ya mawe. Bertha, jirani yao, alikuja na kikombe cha chai mkononi, akaizunguka, akatikisa kichwa.

"Wenzako wakitoka kwao wanaleta kuku, wewe umeleta kaburi."

"Litafufuka, jirani."

"Likifufuka na mimi naolewa upya."

Ponsiano alikuwa karani wa ofisi mjini, mtu wa kuondoka jogoo hajawika na kurudi mtoto amelala. Hakukataa, hakusaidia. Alisema tu oili isimwagwe kwenye migomba yake.

Aliyesaidia ni Dulla, fundi wa gereji bubu kule Kongowe, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko spana zake. Alikuja Jumapili na siku zote ambazo gereji haikuwa na kazi. Wakaanza na bodi. Sakafu ya kebini ilikuwa imeliwa na kutu hata unaona ardhi ukiwa umekaa; wakaikata, wakachomelea bati la pipa. Wakapiga puti, wakapiga msasa. Msasa ulikuwa wa Imakulata. Alisugua huku Mina amefungwa mgongoni kwa kanga, akasugua mpaka mistari ya kiganja ikafutika. Siku moja alipotaka kufungua simu kwa kidole, simu ikamkataa.

"Simu haikutambui, sista," Dulla alicheka. "Umeshakuwa gari."

Halafu wakaigeuza ifae kazi. Wakaongeza majani ya springi nyuma ili ibebe matenga bila kukaa chini kama kuku anayeatamia. Wakachomelea kichanja cha mabomba, cha kupandishia mzigo juu ya mzigo. Wakaipaka kijani ile ile aliyoipenda mzee, ingawa mzee asingeiona.

Siku walipofungua injini ndipo Dulla aliponyamaza.

Aliichungulia muda mrefu, akapitisha kidole ndani ya silinda, akakitazama. "Sista, hii haikufa kwa uzee."

"Imekufa kwa nini?"

"Imechemshwa. Mtu kaiendesha rejeta haina maji, kaikimbiza hivyo hivyo mpaka ikakaukia. Ona hedi ilivyopinda kama ubao ulionyeshewa. Na bloku nayo, ona, imepasuka hapa mpaka huku. Hii hata umpelekee fundi wa Mzungu haiponi." Halafu akacheka ghafla, akagonga ubavuni mwa bloku kwa spana. "Ila mzee wako noma! Njoo uone. Tundu la maji kaliziba kwa shilingi tano. Ile ya zamani, yenye pembe. Kaipigilia na nyundo, kaichomelea juu. Kakosa kipuri, kaweka hela ya serikali!"

Imakulata aliinama akaiona, sarafu nyeusi ya moshi, imezama kwenye chuma kama jicho. Akacheka naye. Akarudi kwenye msasa wake, na sarafu ikamtoka akilini siku ile ile.

Kilichobaki akilini ni jingine. Mtu wa mwisho kuendesha pikapu ile, macho ya mzee yalipoanza kufifia, alikuwa Calist.

Akampigia simu. Jumapili iliyofuata Calist akaja na bodaboda, amepakata fenesi kubwa kama mtoto mchanga. Hakusubiri kuulizwa mara mbili. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliolowa oili, na suruali yake ya kanisani.

"Ni mimi, mdogo wangu. Nilikuwa natoka kupakia mkaa. Niliona moshi, nikasema nifike tu nyumbani, nifike tu. Ikanifia mlimani. Nikamwambia baba imechoka, umri wake umefika. Akaamini." Akajifuta uso kwa mkono, oili ikabaki shavuni. "Mwaka ule ule ndio macho yake yakaisha. Akijua leo atasema mimi ndiye niliyemzima. Atanifukuza, Ima. Nitaenda wapi mimi? Nina kiwanja? Nina kibarua?"

"Simama, kaka. Watu wanatazama."

"Weka injini nyingine. Baba haoni. Ile mbovu ipeleke chuma chakavu, ipotee kabisa. Mimi na wewe na huyo fundi wako tu ndio tutakaojua."

Imakulata alimwangalia kaka yake akiwa chini. Akakumbuka mto ulipojaa na yeye akiwa wa kwenda chekechea, Calist akimvusha mabegani, maji yakimfika kidevuni, huku anaimba ili mdogo wake asiogope. Moyo unaokumbuka hivyo una mlango mmoja tu, nao hauna komeo. Akamwinua. Akalipasua fenesi, wakala wote watatu, Dulla akisimulia vichekesho vya gereji, na Calist akacheka mpaka machozi yakakauka.

Siku chache baadaye bloku ikaenda kwa watu wa chuma chakavu, na sarafu yake ubavuni.

Injini nyingine waliipata kwenye basi dogo lililopinduka, injini ya ukoo ule ule wa ile ya mzee, ila ya miaka ya karibuni. Dulla aliifunga, akatoa hewa kwenye mpira wa dizeli, akapampu kwa mkono, akamwambia Imakulata apige stata. Ikawaka kwa mara ya kwanza. Ikanguruma laini, mfululizo, kama mtu anayesali peke yake. Bertha alitoka mbio nyumbani kwake na mwiko mkononi akapiga vigelegele. "Haya, niozesheni!" akapaza sauti.

Imakulata aliweka kichwa kwenye usukani akalia.

"Furaha hiyo, sista, lia tu," alisema Dulla.

"Haikohoi."

"Nini?"

"Ya baba ilikuwa inakohoa. Ukiiwasha inakohoa, kho, kho, kho, inanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta kohozi, halafu ndiyo inanguruma. Tukiwa wadogo tulikuwa tunalala tukiisikia mbali, mama anasema baba yenu huyo, inukeni mkapokee mkate." Akainua uso. "Dulla, yule mzee haoni. Amebakiwa na masikio. Akiisikia hii hivi ilivyo, atajua."

Sasa hapo ndipo ungeweza kusema, laiti angekwenda akamweleza baba yake ukweli wote kabla ya kumpelekea gari. Lakini ukweli ule haukuwa wake peke yake. Nusu yake ilikuwa ya kaka aliyepiga magoti. Basi akafanya alilolijua, akatengeneza.

Wakahangaika. Dulla akatoboa ekzosi, ikapata kelele lakini kikohozi hakikuja. Akalegeza hiki, akakaza kile. Mwishowe akaenda kwenye kopo la dizeli alimolowekea nozo walizozifungua kwenye injini ya zamani kabla haijauzwa. Akazijaribu moja moja mkononi, akachagua iliyokuwa mbovu kuliko zote, akaifunga silinda ya tatu mahali pa ile nzima.

"Piga."

Kho. Kho. Kho. Kimya. Halafu mngurumo.

Mina, aliyekuwa amesinzia, aliamka akaangaza.

"Hiyo hapo," alisema Dulla, lakini hakucheka. "Sasa nisikilize vizuri. Nozo kazi yake kupuliza dizeli kama ukungu. Hii haipulizi, inakojoa. Dizeli inadondokea juu ya pistoni inaungulia pale pale. Ukienda taratibu, bila mzigo, utafika Kisarawe na utarudi. Ukipakia mzigo ukaikimbiza, wiki haiishi, inatoboa pistoni. Na hapo injini nayo kwaheri."

"Kwenda na kurudi tu. Nikishapata radhi, tunairudisha nzima hapo hapo njiani."

Dulla akaifunga nozo nzima kwenye kitambaa chenye oili, akampa. Imakulata akaitia kwenye mkoba wa nepi za Mina.

Walikwenda Jumapili, baada ya misa. Imakulata ndiye aliyeshika usukani, Dulla pembeni na sanduku la spana miguuni, akiwa amempakata Mina, aliyekuwa akichezea kishikizo cha mlango. Ponsiano alisema atakuja wakati mwingine. Walikwenda mwendo wa harusi. Walipopita Masaki, ile ya Kisarawe, si ile ya matajiri, watu wazima walianza kugeuza shingo. Kwenye kilima cha kwao bibi mmoja aliyekuwa ameanika mihogo akasimama, mkono kiunoni.

"Jamani! Hilario kafufuka!"

Watoto waliozaliwa pikapu ikiwa imeshalala walikimbia nyuma yake bila kujua wanakimbilia nini. Na kule barazani, kabla mtu hajamwambia neno, Mzee Hilario alikuwa ameshasimama. Imakulata aliizima mbele ya nyumba makusudi, akaiwasha tena.

Kho. Kho. Kho. Kimya. Mngurumo.

Mzee aliiacha fimbo ukutani. Alishuka ngazi za baraza bila kushikwa mkono, akaja moja kwa moja kama aonaye, akalikuta boneti, akalilaza shavu lake juu yake. Machozi yakadondokea bati. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine bado na nguo za kanisani.

"Ndiyo yenyewe," alisema mzee. "Ndiyo yenyewe. Huyu alinitoa hapa usiku wa mvua na mama yenu ana uchungu wa Calist. Huyu hajawahi kuniacha njiani." Akanyoosha mkono hewani. "Imakulata yuko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Mwanangu." Akamshika kichwa. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kizito, na Imakulata alifumba macho chini yake. "Nilikucheka mbele za watu. Basi leo mbele ya watu hao hao..."

"Baba," alisema Calist.

Alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, shati jeupe, mikono kifuani. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Baba, ulisema utaisikia na utaishika."

"Si nimeishika?"

"Umeshika boneti. Boneti ni bati tu, baba. Shika ile sarafu yetu. Unakumbuka kule Msanga, tundu lilipoachia maji, ukaipigilia shilingi tano na mimi nimekushikia tochi? Shika ile, ndipo umkabidhi mtoto. Mambo ya radhi hayataki haraka."

Uso wa mzee ukang'aa. "Lo! Sarafu! Kweli kabisa. Nilikuwa nimeisahau. Nifungulieni."

Imakulata alimtazama kaka yake, na Calist hakuyakwepa macho yake. Hapo ndipo alipojua kwamba siku ile ya fenesi, kaka yake akiwa amepiga magoti kwenye oili, sarafu ile alikuwa anaikumbuka.

"Baba, injini ina moto," alisema. "Subiri ipoe kwanza."

"Moto wa injini yangu uliniunguza hujazaliwa."

Calist alilifungua boneti. Alimshika baba yake mkono kwa adabu kama anavyomshika akimpeleka chooni, akauingiza ubavuni mwa injini, chini ya ekzosi. Vidole vya mzee vikaanza kutafuta. Vilipapasa chuma, vikarudi, vikapapasa tena. Vilikuwa vinaungua, kila mtu aliona vinavyoruka na kurudi, vinaruka na kurudi. Mzee hakuvitoa.

"Iko wapi?" alisema. "Calist, nimekosea upande?"

"Ni upande huo huo, baba."

"Mbona ni laini?"

Dulla alikuwa anaangalia chini. Mzee Hilario alitoa mkono polepole, ncha za vidole zimekuwa nyekundu, akasimama wima.

"Zima," alisema.

Imakulata akazima.

"Injini yangu iko wapi?"

"Baba, ile ilikuwa imepasuka. Haikuwa na namna ya..."

"Nimeuliza iko wapi."

"Ilikwenda chuma chakavu."

Mguno ukapita uani. Mama mmoja akasonya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu wa Kibaha hao. Wamezoea kuuza."

"Na kile kikohozi?" aliuliza mzee. "Kikohozi kimetoka wapi?"

Imakulata alimchukua Mina kutoka kwa Dulla, akamkumbatia. "Tulikitengeneza."

"Mlikitengeneza." Alilitafuna neno lile. "Ulikaa chini ukaupima upofu wangu, ukaona unanitosha. Ukachukua ngozi ya gari yangu ukamvisha mgeni, ukamfundisha kukohoa. Ukaja kunitoa machozi mbele ya majirani kama mtoto anayeonyeshwa karagosi."

"Baba, si hivyo. Ni kaka ndiye aliyeichemsha. Aliiendesha bila maji. Alikuja kwangu akanipigia magoti, akaniambia nikufiche, ndiye aliyeniambia niiuze! Muulize! Dulla alikuwepo!"

Watu wote walimgeukia Calist. Calist hakukasirika. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefiwa.

"Basi, mdogo wangu," alisema. "Kama kunisingizia kutakupunguzia aibu, nisingizie. Mimi nitabeba. Nimezoea kubeba hapa nyumbani."

"Na huyo Dulla ni nani?" aliuliza mzee.

"Fundi wangu, baba."

"Fundi wako. Mliyeshirikiana naye kutengeneza kikohozi. Ndiye shahidi."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha siku ya misa, ila safari hii Imakulata hakuweza kujiunga nacho. Mina alianza kulia kwa sababu mama yake alikuwa amembana.

"Kuna kitu chako humo ndani, baba," alisema kwa sauti ndogo. "Kimoja. Kikohozi ni chako kweli, kime..."

"Funga mdomo. Mama yako angekuwa hai leo ningemwambia alizaa mwizi, na angeniomba radhi mimi." Mzee alipapasa hewani mpaka akalipata bega la Calist. "Bodi ni yangu. Chesisi ni yangu. Huyu ndiye anayenipikia uji, huyu ndiye anayenisitiri. Gari libaki hapa, liwe lake. Wewe huna radhi yangu juu ya hata msumari wake. Mpe kaka yako ufunguo."

Calist alinyoosha kiganja na kungoja, na baadhi ya watu walionekana kumwonea huruma.

Imakulata akaweka ufunguo pale.

Majirani hawakuondoka, nani aondoke sherehe ndiyo inaanza. Calist alilizunguka gari akilipapasa rangi, akakipiga kichanja cha mabomba kwa ngumi, akainama kuzitazama springi. Aliporidhika akaingia kwenye usukani. Akawasha.

Kho. Kho. Kho.

"Hiki kikohozi vipi?" aliuliza kupitia dirishani, sasa kwa sauti ya kaka wa kila siku, kama kwamba hakijatokea kitu. "Kitatolewa au?"

Dulla alifungua mdomo. Imakulata alimkanyaga mguu, kwa kisigino, kwa uzito wake wote na wa mtoto.

"Kiache hivyo hivyo, kaka," alisema. "Ndiyo sauti ya baba. Ukikitoa utamnyima raha yake."

"Na mzigo inabeba?"

"Tumeongeza majani ya springi. Jaza mpaka juu."

"Haichoki?"

"Dizeli haipendi kubembelezwa. Ikimbize."

Calist alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Halafu mzee akasema naye anataka kupanda. Wakampandisha. Aliketi mahali Dulla alipokuwa ameketi, fimbo katikati ya magoti, na pikapu ilipokohoa tena wakati Calist anatafuta gia, Imakulata aliuona uso wa baba yake. Mtu aliyetoka kusema kwamba ile ni ngozi iliyovikwa mgeni alikuwa ameinamisha sikio upande wa injini, na midomo yake inacheka peke yake.

Imakulata alipiga hatua moja mbele. Angeweza hata sasa. Neno moja lingetosha: kaka, badilisha nozo ya tatu. Nozo yenyewe ilikuwa begani mwake, kwenye mkoba wa nepi, imefungwa vizuri kama sabuni ya zawadi.

"Bado upo?" alisema baba yake, aliyesikia hatua. "Jua linakwenda. Kibaha ni mbali kwa mtu asiye na gari."

Watu wakacheka tena, na Calist akacheka naye akiachia klachi.

Imakulata aliirudisha hatua yake.

Walishuka kilima kwa miguu, yeye, Dulla na mtoto, kutafuta bodaboda. Sanduku la spana Dulla alilibeba kichwani, akichechemea.

"Mzee yumo mle," alisema Dulla.

"Pistoni ikitoboka gari linazima tu. Ulisema mwenyewe."

"Linazima, ndiyo. Popote litakapokuwa. Hata mlimani, na mkaa umejaa."

Imakulata alimhamisha Mina bega la pili. Mbele yao, kwenye barabara ya Msanga, pikapu ilikuwa inapanda na vumbi lake, na Calist tayari ameanza kuikimbiza. Rangi ya kijani iling'aa vizuri juani. Puti haikuonekana mahali popote.

"Hataweza kuipeleka kwa fundi akaelewa ugonjwa wake," alisema Dulla, kama anayejisemea. "Wataifungua, watakuta pistoni imetoboka, watasema injini mbovu, ya mtumba. Itarudi nyuma ya jiko na kuku watarudi kutaga." Akasimama. "Ile nozo nzima nipe basi, nikaiuze. Utapata hata nauli."

Imakulata aliushika mkoba wa nepi kwa mkono wote. Alikuwa anafikiria neno la siku ya misa. Baba yake alikuwa amemnyima radhi, amemnyima gari, amemwita mwizi mbele za watu. Lakini neno lile hakulifuta. Atakayeiwasha, ndiye mwenye gari. Na Hilario akitema hameza.

"Haiuzwi," alisema. "Gari likirudi nyuma ya jiko, utakuja kuifunga."